Mhariri, wasomaji wakinyamaza wezi wa riwaya wanapeta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotuumiza sana sisi tunaoandika riwaya na kuziuza wenyewe kwenye simu, bila mchapishaji, bila duka na bila mtu wa kutusemea. Kila siku tunalalamika kuhusu wezi wa kazi zetu, na kweli wapo na ni wengi, ila leo nataka niongee na wasomaji maana nimekuja kuona kwamba mwizi hafiki mbali pale ambapo wasomaji wanaongea. Yani msomaji akiandika chini ya hadithi mistari minne tu, kwamba nimesoma hii ya fulani, hapa nimependa, hapa imenikera, huyo mwandishi tayari ana shahidi. Akiandika "next", yani lete inayofuata, akaondoka, kesho mwizi anakuja anabeba kila kitu na hakuna anayestuka.

Kwa asiyejua biashara hii inavyokwenda nieleze kidogo. Mwandishi anaanza kuposti sehemu ya 1, ya 2, ya 3, zote bure, kwenye peji yake au kwenye magrupu ya simulizi. Watu wakishanogewa, kwenye sehemu ya 10 au ya 15 hivi anakata palepale penye utamu, watu wanalia arosto, ile hamu ya kujua kinachofuata, halafu chini anaweka namba yake ya M-Pesa au Airtel Money na bei, 1,000 au 2,000, ikiwa ndefu sana na imekamilika labda 5,000, ukilipa anakutumia PDF yote WhatsApp au anakuingiza kwenye grupu la waliolipia ambako sehemu zinashuka kila usiku. Ndiyo biashara yenyewe. Hizo elfu mbili mbili ndizo zinazonunua bando, ndizo za luku, kuna ninaowafahamu ambao ndiyo ada ya mtoto. Hatuna tangazo redioni wala bango barabarani, tangazo letu ni komenti za watu, mtu akipita akakuta watu wanaijadili hadithi na yeye anasimama anasoma.

Sasa hapo ndipo mwizi anapoingia. Kuna dada mmoja mwandishi wa mkoa wa Tanga, jina lake siliweki hapa kwa sababu ameniomba nisiliweke, aliandika hadithi ya mwanamke anaitwa Asha aliyeolewa Pangani na mume mwenye mashua. Hadithi nzuri, ina bahari ndani yake, ina wifi mkorofi mpaka unatamani umpige. Akaposti sehemu za mwanzo, akaanza kuuza. Haikupita muda hadithi ileile ikaibuka kwenye peji nyingine kubwa kuliko ya kwake mara nyingi, mwandishi ni mtu mwingine, namba ya kulipia nyingine, bei 500. Asha kageuzwa Neema, na Pangani imekuwa Bagamoyo.

Mwizi mwenyewe hata kusoma hakusoma. Alichofanya ni kuiambia programu ya kuandikia kila penye Asha iweke Neema, na programu haina akili ya kujua jina na neno la kawaida, kwa hiyo palipoandikwa "aliwasha taa" pakawa "aliwNeema taa", "mashaka" yakawa "mNeemaka", na pale mume anapoleta kashata kutoka sokoni kaleta "kNeemata". Halafu huyo Neema yuko Bagamoyo lakini asubuhi anapanda kivuko anavuka mto kwenda Bweni. Mtu yeyote aliyewahi kufika Pangani anajua Bweni iko ng'ambo ya mto Pangani, ukitoka Bagamoyo huwezi kuvuka mto kwa kivuko ukatokea Bweni hata iweje.

Nikashuka kwenye komenti nione watu wanasemaje. Mhariri, zilikuwa nyingi ajabu. Fundi wewe. Next. Nitag ikitoka. Arosto jamani admin fanya hima. Unajua kuandika Mungu akubariki. Nikashuka, nikashuka, hakuna hata mmoja aliyeuliza kNeemata ni kitu gani. Sisemi hawakuona, nadhani wengi waliona, macho yakapita, wakaandika next. Na zile komenti zote zikawa nguvu ya yule mwizi, kwa sababu mtandao unapeleka mbele kitu chenye komenti nyingi, haujali ni cha nani, kwa hiyo kila "next" ilikuwa inaisukuma nakala mbele na kumzika mwenye hadithi.

Kibaya zaidi kilifuata. Yule dada alipoposti sehemu inayofuata kwenye peji yake mwenyewe, watu wakamjia juu. Mwizi wewe, hii tumeshaisoma kwa fulani, acha kuiba kazi za watu. Wakaripoti peji yake. Waliokuwa wamelipia nao wakaanza kudai hela zao wakidhani wametapeliwa. Fikiria mtu umeandika usiku wanao wakiwa wamelala, unaamka unakuta unaitwa mwizi wa hadithi yako. Aliniambia alitaka kuacha kuandika kabisa na mimi naamini alimaanisha.

Kilichomwokoa sasa, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize, ni msomaji mmoja. Mama mmoja yuko Muscat, Oman, anafanya kazi za nyumbani, huwa anasoma simulizi usiku kazi zikiisha. Huyu mama hadithi ilipokuwa bado mbichi kwa mwenyewe alikuwa ameandika komenti ndefu chini ya sehemu ya 4, akasema Asha amemkumbusha ndugu yake, akasema lile tukio la kivuko cha kwenda Bweni alilisoma mara mbili, akasema pia wifi amekuzwa mno, hakuna binadamu mbaya kiasi kile asubuhi mpaka jioni. Komenti ina tarehe, ina jina la Asha, ina Bweni, na ni ya zamani kuliko posti ya kwanza ya mwizi. Yule dada akaipiga skrinshoti akaipeleka kwa maadmin wa magrupu makubwa ya simulizi mmoja mmoja, na wao wakalinganisha, wakamtoa yule mtu kwenye magrupu. Peji ya mwizi bado ipo, hilo siwezi kuficha, na sijui alishakusanya shilingi ngapi. Lakini jina la dada lilisafishika na wasomaji kadhaa walirudi kuomba radhi na kununua. Komenti moja yenye maneno ya maana ilifanya kazi ambayo "next" zote zile zisingeweza kuifanya.

Najua kuna atakayesema sheria ipo, nendeni kwenye sheria. Ni kweli ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoiandika kazi yake, haimlazimishi asajili kwanza, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo na mimi nawashauri waandishi wenzangu wote wasajili kazi zao huko maana cheti kinasaidia ukifika mbele ya watu, na wa Zanzibar wana COSOZA, wa Kenya wana KECOBO. Lakini tuongee ukweli. Mwizi ana jina la bandia, laini ya simu haijulikani ni ya nani, anaweza kuwa Mbeya au Lubumbashi, na hadithi yenyewe inauzwa 2,000. Wakili gani utamlipa kwa hela hiyo? Na ukifika huko kote utaulizwa swali lilelile, una ushahidi gani kwamba wewe ndiye wa kwanza. Komenti ya msomaji yenye tarehe ni sehemu ya ushahidi huo, na haigharimu chochote.

Hapa niseme kitu ambacho waandishi wenzangu wengine hawatakipenda. Siyo kila kufanana ni wizi. Sheria hailindi wazo tupu, inalinda namna ulivyoliandika. Msichana wa kazi kupendwa na mtoto wa bosi halina mwenyewe, tajiri anayejifanya masikini ili apate mke wa kweli halina mwenyewe, pete ya jini halina mwenyewe pia. Kuna mwandishi akiona tu mwenzie ameandika habari za jini bahari anawaita mashabiki wake waende kumshambulia kwamba ameiba. Huo ni uonevu na unatuharibia, kwa sababu siku ya wizi wenyewe watu watakuwa wameshachoka na kelele. Wizi ni pale sentensi zangu, mpangilio wangu, watu wangu na maneno waliyoyasema midomoni mwao vinapobebwa na kuwekewa namba ya mtu mwingine.

Na wenzetu wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 1997 huko Marekani kuna msomaji alisoma riwaya moja ya Nora Roberts na moja ya Janet Dailey zikifuatana, akaona aya zinafanana, akaziweka kwenye intaneti watu waone. Dailey akakiri mwaka huohuo kwamba alikuwa amechukua maneno ya mwenzie, na wote wawili walikuwa waandishi maarufu sana wa riwaya za mapenzi, wana wachapishaji, wana mawakili, lakini aliyegundua alikuwa msomaji wa kawaida anayekumbuka alichokisoma. Mwaka 2023 mwandishi mwingine wa hukohuko, Jane Friedman, ambaye yeye siyo wa hadithi, anaandika kuhusu kazi ya uandishi na uchapishaji, alikuta vitabu ambavyo hakuviandika vinauzwa Amazon kwa jina lake, na yeye anaamini viliandikwa na Akili Mnemba, yani AI, programu za kompyuta zinazotunga maandishi zenyewe. Naye alistuliwa na msomaji. Vikatolewa baada ya kupaza sauti hadharani, na mwezi uliofuata Amazon wakaweka kikomo kwamba mtu anayejichapishia asitoe zaidi ya vitabu 3 kwa siku, sasa fikiria mwenyewe, mpaka waweke kikomo cha 3 kwa siku ina maana kulikuwa na watu wanatoa vingapi.

Hiyo Akili Mnemba tayari iko huku kwetu na ndiyo inayonipa haraka ya kuandika barua hii. Yule mwizi wa Neema alikamatika kirahisi kwa sababu alikuwa mvivu. Wa kesho ataitupia programu hadithi nzima aiambie iandike upya kwa maneno mengine, na kNeemata haitakuwepo tena. Na kuna wanaochukua maandishi yetu wanayasoma kwa sauti, siku hizi hata sauti ni ya mashine, wanaweka video na picha ya mwanamke analia na jina la mwandishi halitajwi hata mara moja. Maneno yakishabadilishwa yote, kitakachobaki ni kumbukumbu ya msomaji kwamba tukio hili nililisoma kwa fulani, lilikuwa hivi, na niliandika siku ile nilivyoliona.

Sasa kwa nini wasomaji wetu hawaandiki? Nimewauliza wengi, kwenye magrupu na hata majirani. Jibu ninalolipata sana ni "mimi siyo mhakiki". Tulifundishwa sekondari kwamba uhakiki ni fani na maudhui, utaje dhamira, ujumbe, muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, mandhari, na ukikosa kimoja mwalimu anakata maksi, kwa hiyo mtu mzima anayesoma riwaya kila usiku na anayeweza kukusimulia yote kwenye daladala bila kukosea anajiona hana haki ya kuandika mistari mitano. Jamani hatuhitaji hayo. Tuandikie kama unavyomwambia shoga yako. Nimesoma hii ya fulani, mwanzo ulinichosha lakini kuanzia pale mama mkwe anapofika nyumbani na begi sikuiweka simu chini, mwisho nimeona kaharakisha. Basi. Hapo kuna jina la mwandishi, kuna tukio, kuna maoni yako, na anayepita anajua kama ni hadithi ya kumfaa au siyo.

Na tuandikieni hata mabaya. Hili nawaambia na waandishi pia. Kuna mwenzetu mmoja, msomaji wake, binti mmoja, alimwandikia kwa adabu kabisa kwamba kaka, nimehesabu, mimba ya huyu binti ina miezi 13 mpaka sasa na bado hajajifungua. Badala ya kushukuru akamtoa kwenye grupu na mashabiki wake wakamfuata yule binti msomaji inbox kumtukana, anaitwa mwenye wivu, anaambiwa aandike yake tuone. Nani atathubutu kuandika maoni tena baada ya hapo? Watabaki wa "fundi" na "next" tu. Yule binti alikuwa msomaji makini kuliko wote, anasoma mpaka anahesabu miezi, na huyohuyo ndiye angekuwa wa kwanza kuona siku hadithi ikiibiwa. Tumemfukuza mlinzi.

Kuna na mchezo mwingine wa komenti kwa komenti, waandishi tunakubaliana mimi nikusifie kwako na wewe unisifie kwangu, na wengine wanalipa vijana waje wajaze sifa. Msomaji analipa 2,000 kwa sababu ya sifa zile, anakuta hadithi haina kichwa wala miguu, siku nyingine halipi mtu yeyote, hata yule anayeandika vizuri. Hili nalo siyo letu peke yetu, Amazon mwaka 2015 waliwashtaki watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wanauza maoni ya uongo, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikatoa kanuni ya kupiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo. Sisi hatuna kanuni kama hiyo kwenye magrupu yetu lakini tunaweza kuacha wenyewe, maana sifa za kununua zinafanana zote, hazitaji tukio hata moja ndani ya hadithi, na ukiibiwa hazikusaidii chochote kwa sababu zingeweza kuwekwa chini ya hadithi yoyote duniani.

Maadmin wa magrupu ya simulizi nao nawaomba kitu kidogo tu. Posti ya hadithi isiyo na jina la mwandishi isipite. Mtu akiposti kazi siyo yake aulizwe ameipata wapi na mwenyewe ameruhusu lini. Najua mnafanya kazi hiyo bila malipo na mnachoka, lakini nyinyi ndio mliomsaidia yule dada wa Tanga pale ambapo wenye mtandao hawakujibu hata ujumbe wake mmoja.

Sasa Mhariri nakuja kwako. Magazeti ya Kiswahili ndiyo yaliyotuzoesha kusoma hadithi kwa vipande, watu walikuwa wanangoja gazeti la wiki ijayo wajue mhusika alitoka vipi kule alikofungiwa, na wengi wetu tunaoandika leo tulianzia kwenye magazeti yale. Naomba gazeti lako litoe nusu ukurasa, hata robo, kila Jumamosi, kwa ajili ya maoni ya wasomaji kuhusu riwaya za waandishi huru. Maneno 200 yanatosha. Yawe na jina la hadithi, jina la mwandishi na mahali pa kuipata kihalali, na kabla ya kuyatoa mtu wako ampigie mwandishi ahakikishe kazi ni yake kweli. Mwandishi asijiandikie, wala mume au mke wake asimwandikie. Akosolewe anayestahili kukosolewa. Maoni yakishachapwa gazetini na tarehe juu ya ukurasa, hakuna mwizi atakayeweza kuyafuta wala kumbloku aliyeyaandika, na hakuna atakayemwambia mwenye kazi kwamba ameiba.

Pamoja na barua hii nimekutumia maoni ya kwanza ya kuanzia. Ni kuhusu riwaya ya kijana mmoja wa Kigoma ambaye sijawahi kuonana naye, niliinunua kwa bei yake, nimesifia mazungumzo ya wavuvi wake na nimelalamikia sura za katikati ambazo zinajirudia. Nimemtumia na yeye, amesema nisipunguze kitu. Kama nafasi ni ndogo Mhariri, kata kwenye barua hii nilipoongelea Marekani, ila ya msomaji wa Muscat naomba uyaache kama yalivyo.

Mwandishi huru na msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro